Kiswahili Vinywani mwa Mashabiki: Maana, Majina na Umiliki wa Maneno katika Filamu na Bustani za Disney

Ikisiri

Kwa mamilioni ya watu wasioishi Afrika Mashariki, neno la kwanza la Kiswahili walilowahi kulisikia lilitoka katika filamu, wimbo au bustani ya burudani ya kampuni ya Disney. Mashabiki wa kampuni hiyo huyajadili maneno hayo kwa bidii: huyafasiri, huyatungia asili, huwapa watoto majina yake na huyatetea. Makala haya yanaeleza namna maneno ya Kiswahili yanavyobadilika umbo na maana yanapoingia katika mazungumzo hayo, na yanafafanua kilichotokea kisheria kwa kifungu “Hakuna Matata”, jambo ambalo limezua hasira nyingi na maelezo machache. Hoja inayojengwa ni kwamba makosa ya mashabiki yana mantiki yake, na kwamba hasira ya wazungumzaji wa Kiswahili mara nyingi imeelekezwa mahali pasipohusika.

Utangulizi

Filamu ya The Lion King ilitolewa mwaka 1994. Kabla ya kuichora, watengenezaji wake walizuru Kenya mwaka 1991, wakatazama wanyama na mandhari, ikiwemo Hifadhi ya Hell’s Gate karibu na Naivasha. Walirudi na michoro, na pia na maneno. Simba akawa jina la simba, Rafiki jina la nyani mwenye hekima, Pumbaa jina la ngiri. Filamu ikafuatwa na tamthilia ya muziki iliyozinduliwa Broadway, New York, mwaka 1997, na mwaka 1998 kampuni ikafungua huko Florida bustani ya Animal Kingdom yenye kijiji cha kubuni cha Kiafrika. Miaka mitatu baadaye ikafunguliwa hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Baadaye ukaja mfululizo wa watoto wa The Lion Guard, filamu mpya ya mwaka 2019, na Mufasa: The Lion King ya mwaka 2024.

Ukiyatazama haya yote kwa jicho la msamiati, utaona kwamba hakuna taasisi ya kigeni iliyokitangaza Kiswahili kwa upana kama kampuni hii, na kwamba ilifanya hivyo bila kudai kwamba inafundisha lugha. Aliyejitwika kazi ya ufundishaji ni shabiki. Ndiye anayemweleza mwenzake kwamba jina fulani “kwa Kiswahili maana yake ni” kadha wa kadha. Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa.

Kijiji kilichopoteza irabu

Kijiji cha Animal Kingdom kinaitwa Harambe. Joe Rohde, aliyeongoza usanifu wa bustani hiyo, ameeleza kwamba kijiji kilichorwa kwa kuitazama Lamu. Kuta zilizochunika chokaa, barabara nyembamba na milango vyote vinakusudiwa kumkumbusha mgeni mji wa pwani ulioishi miaka mingi. Kwa anayeijua Lamu, mfanano upo, ingawa punda hawapo.

Jina la kijiji ni neno harambee lililopunguzwa irabu moja. Mashabiki huliona hilo kuwa jambo dogo la tahajia. Kifonolojia si dogo. Katika Kiswahili irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kuwa silabi mbili, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Harambee ina silabi nne, ha-ra-mbe-e, na mkazo wake uko kwenye mbe. Harambe ina silabi tatu, na mkazo unarudi nyuma hadi ra. Kwa hiyo shabiki wa Florida anayetamka jina hilo kwa kuikazia silabi ya kati anatamka sawasawa kabisa kile kilichoandikwa mbele yake. Anafuata kanuni ya Kiswahili bila kujua, juu ya neno ambalo si la Kiswahili tena. Mkenya aliyelizoea neno hilo katika nembo ya taifa lake atadhani mgeni ameharibu matamshi, ilhali kilichoharibika ni maandishi.

Kuhusu asili ya neno lenyewe, wazungumzaji wa Kiswahili hawana haki kubwa ya kuwacheka wengine. Nchini Kenya kwa miaka mingi yamekuwapo madai kwamba harambee ni sala kwa mungu wa Kihindu, iliyoletwa na wajenzi wa reli, na wapo waumini walioona vibaya kulitamka kwa sababu hiyo. Maelezo ya kawaida zaidi, kwamba ni wito wa watu wanaovuta au kubeba mzigo pamoja, hayana mvuto wa hadithi. Etimolojia ya watu haina uraia.

Ndani ya bustani hiyohiyo palikuwa na njia ya kutazama masokwe iliyoitwa Pangani, na mashabiki wakafunzwa kwamba Pangani maana yake ni “mahali pa maajabu ya kichawi”. Mkazi wa mkoa wa Tanga, au wa mtaa wa Pangani jijini Nairobi, angeshangaa kusikia hivyo. Kiambishi -ni cha mahali kinaonekana wazi katika jina hilo, uchawi hauonekani. Njia hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2016 na kuitwa Gorilla Falls, lakini tafsiri ya zamani bado inarudiwa, kwa sababu shabiki wa kweli hutunza kumbukumbu ya vilivyoondolewa kuliko vilivyopo.

Hotelini hali ni bora zaidi. Boma, Jiko na Sanaa ni migahawa, Kidani ni jengo, Zawadi ni duka, Samawati ni bwawa la kuogelea. Maana zote ziko sahihi, na samawati kwa bwawa la maji ya buluu ni uteuzi wa mtu mwenye sikio. Hata hivyo, kila neno limechukuliwa likiwa na maana moja tu, ile ya mstari wa kwanza wa kamusi. Boma la shabiki ni zizi au ua wa kijiji. Halina kumbukumbu ya boma la Mjerumani lililokuwa makao ya mkuu wa wilaya, mahali pa kodi na viboko. Jiko lake halijui kwamba kijana wa Kiswahili akisema “nimepata jiko” anawaarifu wazee kwamba ameoa.

Mahali ambapo sarufi inavunjika hasa ni katika majina ya maneno mawili. Hotelini hapo yamewahi kuuzwa matembezi yaliyoitwa Wanyama Safari. Kila neno ni la Kiswahili, lakini mpangilio ni wa Kiingereza: kivumishi au kibainishi kwanza, nomino kuu mwisho. Kiswahili hutanguliza nomino kuu na kuiunganisha kwa kihusishi kinachokubaliana nayo, ndipo tunapopata safari ya wanyama. Msemaji wa Kiswahili akilisoma jina hilo kwa sarufi yake huanza kuwaza kwamba safari ni aina ya wanyama. Mfano huu unafaa sana darasani, hasa kwa wanafunzi wa Marekani wanaofika chuoni wakiwa na maneno ishirini ya Kiswahili na bila kihusishi hata kimoja.

Majina ya wahusika na kamusi ya mashabiki

Mashabiki wana orodha za maana za majina, na orodha hizo zimeingia hata katika vitabu vya majina ya watoto. Baadhi ya maana ni sahihi. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi. Neno limetoka katika Kiarabu na limo katika kamusi zetu, ingawa wasemaji wengi wa leo hawalitumii. Simba na Rafiki havihitaji maelezo. Pumbaa ni kitenzi, naye ngiri anayeitwa hivyo kweli huduwaa.

Nala ni kisa kingine. Orodha nyingi husema kwamba kwa Kiswahili Nala ni “zawadi”. Hakuna maana hiyo. Kiswahili kina neno zawadi lenyewe, kina tunu, kina hidaya, na yote matatu ni majina ya wanawake yanayotumika kuanzia pwani hadi maziwa makuu. Nala kwa sarufi ya Kiswahili ni sentensi kamili: nafsi ya kwanza, wakati wa -a-, na kitenzi -la. Maana yake ni “mimi nala”, yaani ninakula. Kwa simba jike si jina baya. Lakini wapo wazazi waliowaita mabinti zao Nala wakiamini wamewapa jina la Kiswahili lenye maana ya zawadi, na binti huyo siku moja atakutana na Mswahili. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa mchezo.

Mufasa huelezwa kuwa ni “mfalme” katika lugha inayoitwa Kimanazoto. Wanaisimu hawaitambui lugha hiyo. Maelezo hayo yamenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba wingi wa nakala umechukua nafasi ya ushahidi. Kwa Kiswahili, mwenye kiti cha enzi ni mfalme. Banzai, fisi mmoja wa filamu ya kwanza, amewahi kuhesabiwa miongoni mwa majina ya Kiafrika. Neno hilo ni la Kijapani.

Fisi mwenzake anaitwa Shenzi, na hapa mashabiki wamepata maana ya kamusi lakini wamekosa uzito wake. Tafsiri ya “mkatili” au “asiyestaarabika” si kosa. Mzizi -shenzi kwa kawaida huhitaji kiambishi: mshenzi, washenzi, kishenzi. Umbo tupu shenzi hutumika hasa kama tusi, na mzazi wa Kiswahili hatapenda kulisikia kinywani mwa mtoto. Nyuma ya tusi hilo ipo historia ya pwani iliyowagawa watu kuwa waungwana na washenzi, mgawanyo uliowagusa watumwa na watu wa bara, na ambao wakoloni waliurithi kwa furaha. Filamu ya watoto inapompa jina hilo mnyama anayeishi kwenye makaburi ya tembo, nje ya nchi inayopata nuru, msikilizaji wa Afrika Mashariki husikia kitu ambacho mtunzi huenda hakukikusudia. Mashabiki wa Marekani wamewahi kujadili kwa urefu namna fisi wa filamu hiyo walivyopewa lafudhi za watu wa tabaka la chini mijini mwao. Neno la Kiswahili lingewapa ushahidi zaidi, kama wangekuwa na wa kuwaeleza.

Mjadala wenye kuvutia kuliko yote ni wa jina Taka. Katika vitabu vya hadithi vilivyoandamana na filamu mwaka 1994, simba anayeitwa Scar alielezwa kuwa awali aliitwa Taka. Mashabiki walilifasiri kuwa “uchafu”, na kwa miaka mingi wakahoji ni mfalme gani anayemwita mwanawe uchafu. Filamu ya mwaka 2024 imelirudisha jina hilo, safari hii kwa mwanamfalme anayependwa na wazazi wake, na swali likawa zito zaidi. Jibu la kiisimu ni kwamba Kiswahili kina taka mbili. Moja ni nomino, ile ya takataka. Nyingine ni mzizi wa kitenzi cha kutamani na kukusudia. Mwanamfalme anayetaka, na ambaye kutaka kwake ndiko kunakomharibu, ana jina linalomfaa kuliko mashabiki walivyodhani. Kwamba watunzi walikusudia hivyo haiwezekani kuthibitishwa kwa kulitazama neno pekee. Lakini mashabiki waliobishana kuhusu maana mbili za taka walikuwa wanafanya semantiki, hata kama hawakuwa na jina la kazi hiyo.

Filamu hiyohiyo inaita nchi ya ahadi Milele. Kielezi kimegeuzwa kuwa jina la mahali. Kwa Mswahili, awe Mkristo au Mwislamu, neno hilo limeshikamana na uzima wa milele, hivyo uhamisho huo unasikika vizuri. Pembeni yake kuna Obasi na Masego, majina ya Kiigbo na Kitswana. Mchanganyiko huu ni wa kawaida katika kazi za kampuni hii. Maelezo yaliyosambazwa kuhusu tamthilia ya Broadway yalitaja lugha sita za Kiafrika zinazosikika jukwaani: Kiswahili, Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana, na “Kikongo cha Kongo”, au kwa neno lao halisi, lugha ya “Wakongo”. Nchi yenye lugha zaidi ya mia mbili ilipewa lugha moja isiyo na jina. Washiriki wa makongamano haya wanaotoka Lubumbashi na Bukavu watajua wapokee hilo kwa kicheko au kwa namna nyingine.

Pale kazi ilipofanywa vizuri

Haitakuwa haki kupita bila kuutaja mfululizo wa The Lion Guard, ulioonyeshwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015 hadi 2019. Majina yake yana mkono wa mtu anayekijua Kiswahili. Fisi mwenye hila ni Janja, fisi jike mwenye ujasiri ni Jasiri, mamba mwenye majivuno ni Kiburi, swila mgomvi ni Ushari, chui ni Makucha, na nyani mwanafunzi ni Makini. Nomino dhahania na vivumishi vimetumika kama majina, jambo ambalo ngano za Kiswahili zenyewe hufanya.

Zaidi ya majina, wahusika wana misemo. Duma anayeitwa Fuli huwakejeli wanaomkimbiza kwa neno huwezi, ambalo ni sentensi kamili yenye kikanushi, nafsi, kitenzi na irabu tamati ya ukanushi. Mtoto wa miaka mitano huko Ohio anayemkimbia dada yake akipaza sauti “huwezi!” amelitumia umbo hilo katika muktadha sahihi, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kiboko wa mfululizo huo anaitwa Beshte, neno la vijana wa Nairobi kwa rafiki, na hupenda kusema twende kiboko. Kwa mashabiki, kiboko hapo ni mnyama tu. Dar es Salaam mtu akiitwa kiboko amesifiwa kwamba hana mpinzani, na shuleni kiboko ni fimbo. Naye Kion, kiongozi wa kikosi, husema hevi kabisa, ambapo Kiingereza kimevishwa irabu ya Kiswahili na kusimama kando ya kielezi cha Kiswahili. Baadhi ya wasanifishaji watalichukia. Lakini hivyo ndivyo vijana wa miji yetu wanavyosema, na katuni iliyochagua sauti ya mtaani badala ya ile ya brosha ya watalii imefanya uchunguzi wake.

Inafaa pia kutaja Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za wasanii wa nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, uliotolewa mwaka 2023. Wapo waliolaumu kukosekana kwa kihusishi wakidai ingepaswa kuwa kizazi cha moto. Lawama hiyo haina nguvu. Wasemaji husema maji moto na habari moto kila siku.

Lugha ya majina na lugha ya kusikiliza

Jambo moja mashabiki wa kigeni hulishangaa wanapolijua. The Lion King ilipoingizwa sauti za lugha ya Kiafrika katika miaka ya tisini, lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu. Wahusika wenye majina ya Kiswahili walizungumza Kizulu, na Waswahili wakawatazama wakizungumza Kiingereza. Sababu ni ya soko: Afrika Kusini ilikuwa na majumba ya sinema na wanunuzi wa kanda. Pengo hilo Afrika Mashariki lilizibwa na wengine. Tanzania ilimpata Lufufu, ambaye jina lake halisi lilikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyetafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake huku akiongeza maoni na mizaha. Kenya ikampata DJ Afro. Katika mabanda ya video, mtafsiri wa namna hii huhamisha maneno na huhamisha hadithi nzima, akawaleta wahusika mtaani. Yeye na shabiki wa Florida wanafanya kazi moja kwa pande tofauti, isipokuwa yeye hana haja ya kueleza maana ya simba.

“Hakuna Matata” na swali la umiliki

Kifungu hiki kilikuwa kikisafiri kabla ya filamu. Bendi ya Them Mushrooms, iliyopiga muziki katika hoteli za pwani ya Kenya, ilitoa wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982 ukiwa na kifungu hicho, na mwaka uliofuata kundi la Boney M. likatoa wimbo wake lenyewe. Filamu ilipokuja na wimbo wa Elton John na Tim Rice, kifungu kilikuwa tayari ni cha mapokezi ya wageni.

Husemwa mara nyingi kwamba “Waswahili hawasemi hivyo”. Kauli hii ina ukweli nusu. Mtanzania atasema hakuna shida au hamna tabu. Lakini matata ni neno letu, ndugu wa tata, utata, tatiza na tatanisha, na katika Kiswahili cha Kongo, kinachopakana na Kilingala, ni neno la kila siku. Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia 2012 hadi 2016 aliitwa Matata Ponyo. Kilichobuniwa na utalii ni desturi ya kukitumia kifungu hicho kama salamu ya furaha, wala si kifungu chenyewe.

Kampuni iliomba kukisajili nchini Marekani kama alama ya biashara mwaka 1994, na usajili ukakamilika mwaka 2003, kwa ajili ya mavazi. Mwishoni mwa mwaka 2018, filamu mpya ilipokaribia, mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe aliandaa ombi la kutaka usajili ufutwe, akisema ni uporaji wa utamaduni. Lilikusanya saini zaidi ya 100,000. Magazeti ya kanda yaliandika kwamba Kiswahili kimeibwa. Kampuni ilijibu kwamba usajili haujawahi na hautamzuia mtu kulitamka neno.

Katika hilo la mwisho kampuni ilisema kweli, na ni vyema kulieleza. Alama ya biashara haimpi mtu lugha. Inampa haki ya kuzuia wengine kutumia alama hiyo kuuza bidhaa za aina iliyosajiliwa, katika nchi ya usajili. Mwimbaji wa Malindi, mwalimu wa Kigoma na dereva wa matatu mjini Thika hawaguswi. Anayeguswa ni mshonaji, pengine mhamiaji kutoka Mombasa anayeishi Minneapolis, anayetaka kuuza fulana zenye maneno hayo. Hasara yake ni ndogo ukiilinganisha na vichwa vya habari, lakini ni ya kweli, na katika kelele zote za mwaka 2018 yeye hakutajwa.

Mashabiki wengi waliitetea kampuni, na baadhi waliiacha. Pande zote mbili hazikugusa kiini, ambacho ni muda. Sheria ya Marekani hutangaza kila ombi la alama katika gazeti rasmi la ofisi ya hataza na alama, na humpa mtu yeyote anayeona ataathirika siku 30 za kuweka pingamizi. Baada ya usajili, hubaki miaka mitano ya kuomba ufutwe kwa sababu pana. Miaka hiyo ikipita, sababu hupungua na kubaki chache, kama vile udanganyifu, alama kuachwa bila kutumiwa, au neno kuwa jina la jumla la bidhaa. Kwa usajili wa 2003, mlango mpana ulifungwa mwaka 2008. Saini zilikuja miaka kumi baadaye, tena zikapelekwa kwa umma, ambao hauna mamlaka ya kufuta chochote.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2013, kampuni hiyohiyo ilipoomba kusajili jina la sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka wafu, ikiandaa filamu iliyokuja kuitwa Coco. Wamarekani wenye asili ya Meksiko walipinga ombi likiwa bado ombi, na kampuni ikaliondoa katika siku chache. Kanda yetu nayo ina mfano wake. Katika muongo wa 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoy huko. Wafanyabiashara na wanasheria wa Kenya walipata habari mapema, wakapinga kwa msaada wa marafiki wa biashara ya haki, na ombi likaachwa. Hawakuhitaji saini laki moja. Walihitaji mtu aliyesoma tangazo.

Mabaraza yetu, BAKITA kwa upande wa Bara na BAKIZA kwa Zanzibar, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, yana majukumu mengi ya usanifishaji, na kuorodhesha maombi ya alama za biashara za kigeni si miongoni mwa kazi zilizozoeleka. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu mmoja mwenye kamusi na tarakilishi. Orodha ya maneno ya kuangaliwa tayari ipo, na walioitunga ni mashabiki: ndio waliokusanya kila neno la Kiswahili lililopo katika filamu, hoteli na maduka ya kampuni, kwa uangalifu ambao hakuna idara ya chuo kikuu iliyoufikia. Maana walizoziandika kando ya maneno hayo zinahitaji kusahihishwa, kuanzia Nala. Gazeti la ofisi ya alama hutolewa kila Jumanne.